Daktari wa Ng'ombe Aliyerudi kutoka Maun

Ijumaa iliyopita, tarehe 20 Agosti 1999, alasiri, marehemu aliketi kwenye kibaraza cha nyumba yetu hapa Mlabani, ungo ukiwa mapajani, akachambua mchele wa chakula cha jioni, kazi ambayo hakuna aliyemtuma na ambayo wanawake wa nyumba walikwisha kumkatalia, akatoa mawe madogo, akayaweka pembeni juu ya kipande cha gazeti, kisha akamwambia jirani yetu Bibi Sikitu, aliyekuja kumjulia hali, kwamba aliyetuuzia mchele ule angefungua biashara ya kokoto angepata wateja zaidi. Bibi Sikitu akacheka, akamwambia, "Mgonjwa gani wewe una mdomo hivi?" Marehemu akajibu kwamba mdomo ndio kiungo pekee ambacho madaktari hawajakikuta na kasoro. Mchele ule ulipikwa, akala vijiko vichache, akasema umeiva vizuri. Baada ya hapo hakuna jambo la kawaida ninaloweza kulieleza. Alifariki kesho yake, Jumamosi tarehe 21 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Baba Paroko, wazee wetu, wafiwa wenzangu, majirani wa Mlabani, na ninyi mliotoka Michenga na Kidatu, kwa desturi historia ya marehemu husomwa na mwakilishi wa familia, na familia ilikuwa imemchagua kaka yake, lakini yeye ameomba niisome mimi, mume wa marehemu, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi marehemu aliishi mbali na ndugu zake. Nitasema yale ninayoyajua tu.

Dkt. Theodosia Alfonsi Matimbwa alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 katika kijiji cha Michenga, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Alfonsi Matimbwa, ambaye yupo nasi hapa, na marehemu Mama Bernadeta, wakulima wa mpunga. Nyumba aliyozaliwa haikuwa na ng'ombe, wala kijiji kizima hakikuwa na ng'ombe, kwa kuwa watu wetu wa bondeni walilima kwa jembe la mkono na kitoweo chao kilikuwa samaki, na yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba ng'ombe wa kwanza alimwona akiwa darasa la tatu, akiswagwa barabarani kuelekea buchani, na kwamba alitupa daftari akakimbia.

Alisoma shule ya msingi hapo Michenga kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akachaguliwa kujiunga na Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala, Morogoro, alikosoma kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 1973 hadi 1976, na kidato cha tano na cha sita mwaka 1977 na 1978, kisha akatumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1980 akaanza masomo ya udaktari wa mifugo palepale Morogoro. Alipoingia, chuo kile kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alipohitimu, Novemba 1984, kilikuwa tayari Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mzee Alfonsi atanisamehe nikikumbusha alichowaambia jirani zake wakati ule, "Serikali inamsomesha mwanangu mnyama ambaye hatuna." Jirani mmoja akamjibu, "Subiri, mzee, huenda mnyama yuko njiani." Wote walicheka, na wote wawili walisema kweli.

Januari 1985 marehemu aliajiriwa na wizara inayoshughulikia mifugo, akapangiwa wilaya ya Maswa, mkoa wa Shinyanga, na huko ndiko tulikofahamiana, mimi nikiwa mwalimu wa hisabati na jiografia katika sekondari ya pale. Mimi nilizaliwa Mlabani na yeye Michenga, mahali ambapo mtu akiamka mapema anatoka kwa mmoja na kufika kwa mwingine kabla jua halijawa kali, lakini hatukuwahi kuonana mpaka tulipokutana kwenye foleni ya posta huko Usukumani, siku nilipokuwa nikibishana na karani, naye akaitambua lafudhi yangu, akanigusa bega, akauliza, "Samahani, kaka, wewe ni wa upande gani wa mto Lumemo?" Tulifunga ndoa hapa Ifakara tarehe 6 Desemba 1986. Mungu alitujalia watoto wawili, Rosemery, aliyezaliwa tarehe 14 Oktoba 1987, na Alex, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1991.

Katika miaka ile ya Maswa alijifunza Kisukuma cha kumtosha kugombana na kupatana, akajifunza pia jinsi Wasukuma wanavyotunza mali yao, hasa ile desturi ambayo mfugaji hawaweki ng'ombe wake wote katika zizi moja, bali huwagawa kwa ndugu na marafiki walio mbali, ili ukame ukiingia huku, au wezi wakiingia kule, pabaki mahali penye mbegu. Aliwahi kuniambia kwamba hiyo ndiyo benki ya kwanza aliyoielewa. Julai 1989 tulihamishiwa Ifakara, mimi na yeye, na tukawakuta bondeni wafugaji waliotoka kulekule, ambao miaka ile walikuwa wakizidi kuja na mifugo yao kutafuta malisho, miongoni mwao Mzee Sayi na mkewe Mama Mbuke, waliohamia mbuga za Michenga wakitokea Maswa mwaka 1988. Jirani wa Mzee Alfonsi alikuwa amesema kweli, mnyama alikuwa amefika. Mzee Sayi alipomsikia daktari wa Ifakara akimwamkia kwa Kisukuma aliita watoto waje kumtazama. Kwa miaka minne na zaidi marehemu alichanja, alizalisha na alitibu ng'ombe wa bonde hili, wafugaji wakimwita Mama Mifugo, na sikumbuki zizi ambalo lango lake lilifungwa kwake.

Januari 1994 aliacha kazi serikalini na kwenda Botswana. Nalisema hivi kwa kuwa limesemwa kwa namna nyingi. Nchi ile ilikuwa ikitangaza nafasi za madaktari wa mifugo kutoka nchi nyingine za Afrika, mishahara yetu miwili haikutosha nyumba moja, walimu, wahandisi na wauguzi kadhaa tuliosoma nao walikuwa wamekwenda huko, na zaidi ya hayo marehemu alitaka kufanya kazi mahali ambapo maabara ina dawa na gari lina mafuta, ajue alichosomea kinafika wapi. Tulikubaliana mimi nibaki na watoto. Alipanda treni ya TAZARA hapa Ifakara hadi Kapiri Mposhi, Zambia, akaendelea kwa mabasi, na akapangiwa mji wa Maun, kaskazini-magharibi. Siku zilezile Bibi Sikitu aliniuliza mbele ya watu bombani, nikiwa nimebeba ndoo, "Mwalimu, sisi tunajua mke anaolewa anahamia kwa mume, huyu wako amehamia kwa nani?" Nikamjibu amehamia kwa ng'ombe. Akasema, "Basi uombe wasimpende sana." Ninamshukuru, kwa kuwa aliyekuwa akinitania hivyo ndiye aliyekuwa akiwalisha watoto wangu siku nilizochelewa kutoka shuleni.

Mwaka 1995 uligunduliwa katika eneo alilofanyia kazi ugonjwa wa homa ya mapafu ya ng'ombe, ambao huambukizwa kwa pumzi kutoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa aliyesimama karibu naye, na ambao ubaya wake ni kwamba ng'ombe anaweza kuubeba kwa miezi akiwa ananawiri na kula vizuri. Serikali ya huko ilijenga nyuzio za kutenga maeneo, na zilipoonekana hazikutosha iliamua kuua ng'ombe wote wa wilaya ile, zaidi ya laki tatu, wazima kwa wagonjwa, na kuwafidia wenye mali, na mwaka 1996 kazi hiyo ilikamilika. Marehemu alikuwa miongoni mwa madaktari walioifanya. Alifungua mapafu mengi kuliko kurasa alizosoma chuoni, hiyo ni kauli yake, akajifunza kuutambua ugonjwa kwa macho na kwa vidole kabla ya majibu ya maabara. Hakuwahi kusema kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya, wala hakusema ulikuwa mzuri, alisema kwamba ugonjwa uliisha, na kwamba jioni moja aliendesha gari kutoka kijiji kimoja hadi kingine na hakusikia mlio wa ng'ombe hata mmoja.

Mkataba wake ulimalizika Desemba 1997, akarudi Januari 1998, katika mvua zile kubwa mnazozikumbuka. Tuliompokea stesheni tulikuwa wengi, na baadhi walikuwa wamekuja kuona gari, kwa kuwa ilijulikana kwamba anayetoka Botswana anarudi na gari. Akateremka na masanduku mawili ya bati. Bibi Sikitu akamkumbatia, akatazama nyuma yake ndani ya behewa, akauliza, "Gari linakuja na treni ya mizigo?" Marehemu akasema, "Gari ni hili," akampa sanduku moja alibebe, nalo lilikuwa na vitabu, buti za mpira na visu vya kupasulia mizoga.

Aliomba kurudi katika kazi yake ya zamani akajibiwa kwa upole kwamba ajira zimesimamishwa, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa nchi nzima miaka hiyo, hivyo alifungua duka dogo la dawa za mifugo hapa Mlabani, na huyo daktari ambaye kule alikuwa na gari, maabara na sheria nyuma yake, huku alikuwa na kaunta na mizani. Mzee Alfonsi alikuja siku moja, akasimama mlangoni, akasema, "Mwanangu, mtu hasomi mpaka nchi za watu ili auze dawa ya minyoo." Hilo lilimuuma, najua, ingawa alimjibu kwamba hata minyoo inahitaji msomi. Maun walimwandikia Juni mwaka huohuo wakimtaka arudi kwa mkataba mpya, wakampa hadi mwisho wa mwaka kuamua. Mimi sikumshauri kwenda wala kubaki, nilimwambia kwamba hesabu ya nyumba inasema aende.

Kilichomzuia kujibu kilikuwa kikohozi. Mwezi Julai 1998, akirudi kutoka Michenga kumsalimia baba yake, alipishana njiani na kundi la ng'ombe, akamsikia mmoja akikohoa, akasimama, akamtazama alivyonyoosha shingo na kutanua viwiko vya miguu ya mbele, na alipofika nyumbani alisema, "Imefika." Homa ya mapafu ilikuwa imeshaonekana katika sehemu nyingine za nchi. Alitoa taarifa wilayani, wakampokea vizuri, wakasema chanjo itaombwa, na kwamba ingesaidia sana kama wafugaji wangekubali kukaguliwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba aliondoka bondeni akiwa mtu wao na amerudi akiwa mgeni. Madereva wa malori waliokuwa wakipita Kidatu walikuwa wameleta habari za nchi iliyoua ng'ombe wake wote, habari zikafika mbugani zikiwa na jina la daktari ndani yake, na wafugaji waliokuwa wakimwita Mama Mifugo sasa walimwita Mama Maliza. Akionekana anakuja, ng'ombe waliingizwa kwenye matete.

Alikwenda kwa Mzee Sayi mwenyewe. Nilifuatana naye siku hiyo, hivyo maneno haya niliyasikia. Alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akampa kigoda, akamwambia, "Salamu nimeipokea, daktari. Ng'ombe huwaoni. Ulipoondoka hapa ulikuwa unatibu, tumesikia huko ulikokwenda ulifundishwa kumaliza. Ni kweli au watu wanakuonea?" Mtu mwingine angetafuta maneno. Marehemu alisema, "Ni kweli, mzee. Nilikuwepo." Mzee Sayi akasema, "Basi umejibu vizuri, na mimi nimejibu," akaagiza tuletewe maziwa ya mgando, tukanywa, tukaaga.

Mwezi Agosti aliitisha mkutano katika shule ya Michenga na huko alifanya kosa ambalo alilisimulia mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo si siri. Alichora ubaoni bonde letu, akachora mistari mitatu ya nyuzio kama alivyoona kule, akaeleza kwamba ng'ombe wa eneo moja wasivuke kwenda jingine. Mama Mbuke, ambaye kwa kawaida haongei katika mkutano wa wanaume, aliuliza kutoka nyuma, "Daktari, hiyo seng'enge ya katikati, mwezi wa nne tutaifuata na mtumbwi?" Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Marehemu aligeuka, akautazama ubao, na yeye, binti wa Michenga, aliyezaliwa katika nyumba ambayo kila masika maji yalifika mlangoni, akaanza kucheka pamoja nao, akachukua kifutio akafuta mistari yote. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameleta dawa ya ugonjwa kutoka nchi kavu, na kwamba ugonjwa ni uleule ila nchi sio ile.

Kicheko kile ndicho kilichomfungulia mlango, ingawa ulifunguliwa kidogo. Wiki chache baadaye Mama Mbuke alikuja dukani kama mtu anayenunua dawa ya kupe, akasubiri wateja wengine watoke, akasema kwamba mwezi wa sita walikuwa na dume linalokohoa, kwamba mzee, kama mtu mwangalifu, alipoona zizi lina mashaka aliwagawa ng'ombe, akapeleka sehemu kwa mdogo wake Jeremia, upande wa Kidatu, ili balaa lisimalize wote, na kwamba sasa kwa Jeremia wanakohoa kumi na zaidi na wawili wameshakufa. "Tuliwapeleka wapone," alisema. "Wewe unaona nini hapo?" Marehemu aliona mara moja, kwa kuwa desturi ile aliijua tangu Maswa na ugonjwa ule aliujua tangu Maun, na hapakuwa na mtu mwingine bondeni aliyekuwa amevijua vyote viwili kwa pamoja. Desturi iliyowaokoa wazee wao na ukame na wezi ndiyo iliyokuwa ikiubeba ugonjwa kutoka zizi hadi zizi, na kadiri mtu alivyokuwa mwangalifu, ndivyo alivyousambaza.

Mama Mbuke alimshawishi mumewe, wakaenda kwa Jeremia pamoja na marehemu, Mzee Sayi akiwa amenuna njia nzima, na palikuwa na ng'ombe aliyekufa alfajiri ile. Marehemu alivaa buti zake, akampasua mbele ya watu wote, maji ya manjano yakamwagika kama ndoo iliyopinduliwa, akatoa pafu lililoganda, lenye mabaka mekundu, meusi na ya kijivu kama sakafu ya terazo, akaweka pembeni yake pafu zima alilolinunua buchani Mlabani asubuhi, akawaambia washike. Walishika mmoja baada ya mwingine. Hakuwahutubia. Mzee Sayi alirudia kushika mara mbili, akanawa, akauliza, "Kwa hiyo sasa unaua wote?" Marehemu akasema, "Mzee, kule nilikuwa na serikali, fidia na seng'enge. Hapa nina wewe. Siui hata mmoja. Mgonjwa mtamchinja wenyewe mle, nyama yake haidhuru mtu. Ninachoomba ni kimoja, ng'ombe aliye hai asitoke zizini kwake kwenda zizi la mwingine wala barabarani." Jeremia akasema, "Hicho kimoja ni vyote."

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana iliwachukua wafugaji hadi Desemba 1998 kukubali, katika mkutano wao wenyewe wa wazee, ambako marehemu aliitwa kwa nusu saa ya maswali kisha akaombwa atoke. Walikubaliana kwamba mwaka mzima, mpaka Desemba hii inayokuja, ng'ombe asiondoke zizini kwa sababu yoyote, iwe kugawana, kuuziana, mahari au msiba, na atakayevunja atatozwa na wenzake kwa utaratibu wanaoujua wao, na malisho yakagawanywa kwa makundi, kila kundi na njia yake ya maji. Chanjo ilifika Februari, marehemu akishirikiana na maofisa wa wilaya. Mzee Sayi ndiye aliyeumia wa kwanza, kwa kuwa mwezi huohuo alimwoza kijana wake, na mahari ikabidi ihesabiwe kwenye zizi la bwana harusi na kubaki hapohapo, wakwe wakarudi kwao wakisema, "Tumeoza binti kwa ng'ombe wa maneno." Mzee alivumilia. Hadi leo ninaposoma, makundi ya Michenga hayajaonyesha kikohozi kipya tangu mwezi wa nne, na hilo marehemu alilijua. Barua ya Maun aliijibu mwishoni mwa Desemba, akawashukuru, akawaambia hawezi.

Maumivu ya tumbo yalimwanza mwezi Machi mwaka huu. Alitibiwa hapa Ifakara, akapelekwa Dar es Salaam, na tarehe 19 Aprili aligundulika kuwa na saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Nataja jina la ugonjwa kwa sababu mtu aliyekaa nje ya nchi akirudi akakonda, ugonjwa wake hupewa majina mengine, na yametajwa, na yeye aliyasikia. Alirudi nyumbani Juni, kwa uamuzi wake, akaendelea kupokea wafugaji kibarazani mpaka wiki ya mwisho. Watoto walikuwa naye, na mimi nilikuwa naye, alipofariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ifakara na Dar es Salaam waliomhudumia kwa ukweli, majirani wa Mlabani, na kwa namna ya pekee Bibi Sikitu, walimu wenzangu walioshika vipindi vyangu, maofisa mifugo wa wilaya waliofanya kazi naye kama mwenzao ingawa hakuwa kwenye orodha yao ya mishahara, rafiki zake wa Maun waliotuma salamu kwa simu, na Baba Paroko. Yupo ambaye sikumtaja, anisamehe.

Limebaki jambo moja ninalotakiwa kulieleza, kwa kuwa jana, Jumapili, siku moja baada ya kifo, wapo waliouliza kwa nini mfiwa ameondoka kwenye mkeka asubuhi na kurudi mchana, miguu ikiwa na tope, na wapo watakaouliza leo kwa nini msiba wa daktari wa ng'ombe unalisha wali, maharage na samaki.

Jana asubuhi nililetewa habari kwamba Mzee Sayi na watu wake wametoka Michenga na dume kubwa kwa ajili ya msiba, kama inavyopasa kwao kwa mtu waliyemheshimu. Nilitoka, nikaenda kuwapokea njiani, nikawakuta bado hawajafika kwenye makundi ya ng'ombe wa watu wengine, mzee akiwa ameshika kamba mwenyewe. Nilimwamkia. Akasema, "Mwalimu, tumekuja kulia." Nikamwambia, karibuni, ila dume lirudi. Akasema hili ni zima, limechanjwa, halikohoi, na kwamba mtu aliyewaachia zizi hazikwi kwa maharage, watu watawacheka Wasukuma mpaka Mwanza. Nilimwambia kwamba hata wale waliokwenda kwa Jeremia walikuwa hawakohoi siku walipotoka. Akaitazama njia ya Mlabani. Mama Mbuke akamwambia, "Baba, ukimpitisha huyu, kesho kila mwenye msiba atapitisha wake." Mzee akasema, "Najua. Nilitaka mtu mwingine aseme." Kisha akasema hawezi kumrudisha yeye, mkono wake haukubali kumnyima marehemu.

Nilichukua kamba kutoka mkononi mwake. Sikuwa nimewahi kuswaga ng'ombe, mke wangu angecheka, lakini dume lile lilikuwa pole, nikaliongoza kwa njia ileile lililojia hadi Michenga, wao wakinifuata nyuma, nikaliingiza zizini kwake, nikafunga lango kwa miti, nikahakikisha limefungwa, kisha tukaja wote kwa miguu hadi hapa, mikono mitupu, na wao ndio wale walioketi pale upande wa kushoto, ambao nawaomba majirani muwapishe wasogee mbele, karibu na jeneza.

Theodosia, kila zizi limefungwa. Upumzike.